Picha Yako Juani

Kalundu, Uvira

Kaka Evariste,

Ziwa limetulia, na ndagala zetu, hizi samaki ndogo, zinakauka mbio ku muchanga. Siku ile ulitupigia kutoka Norvège, kule Ulaya kwenye baridi, ulicheka: munganga wa hospitali amesema damu yako imekosa vitamini D, ile ya jua, na wenye kuikosa sana wanaweza kufa mapema. Mama hakucheka. Tangu pale, kila asubuhi anaanika picha yako katikati ya ndagala, uso juu. "Mutoto wangu apate jua," anasema.

Jua limekula uso wako, kumebaki shati tu. Macho ya mama haioni tena muzuri, angali anaiimbia. Miye sijamuambia kitu.

Simu yako haiiti tangu mwezi wa tatu. Tuma picha ingine, kaka. Iwe ya leo.

Dada yako anayekufukuzia kunguru,
Aline