Stéphanie Ngoie na Sparadra Zake Mgongoni kwa Mama

Mwaka umetimia, Stéphanie, tangu malaria ikuchukue ghafla, mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza. Familia imenipa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kaka yetu Hervé alisema niandike vizuri, nisiweke hasira. Nikamwambia kama anataka maneno yasiyo na hasira, achukue kalamu mwenyewe. Hakuichukua.

Basi nakuandikia mimi, yaya wako Rosalie, dada yako mkubwa, na wanaosoma wasikie.

Ulikuwa mpole. Hilo nalisema mwanzo ili nimalizane nalo. Ulisalimia hata watu waliokununia, ulisahau kula ukiwa kazini, uliimba kwaya umefumba macho. Ulipocheka ulifunika mdomo kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa na madoa ya nta siku zote. Mama alikipenda kile kiganja kuliko mikono yangu yote miwili. Unajua kwamba nasema kweli.

Ulikuwa mtengeneza dawa katika famasi kule Panda. Baada ya uporaji wa wanajeshi wa mwaka 1991 rafu zilibaki tupu, mshahara ukawa hadithi, na vidonge vya maumivu vikawa kitu cha kubahatisha. Wakati huo Mama mgongo ulikuwa umeshamshinda. Ugonjwa ulikuwa umeingia ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kulala shida, kukaa shida. Tumbo lake nalo halikuvumilia tena vidonge, hata vilipopatikana. Ndipo ulipokuja na wazo lako: dawa isipite tumboni, ipite kwenye ngozi, kidogo kidogo, kutoka kwenye kitambaa chenye gundi kinachokaa mgongoni kutwa nzima. Sparadra yenye dawa ndani yake. Ulisema kule Ulaya wanazitengeneza. Nikakuuliza kama Kikula, mtaa wetu huu, ni Ulaya.

Wewe ukaanza kupika.

Gundi ndiyo iliyokutesa. Kwanza ulitumia ulimbo, ule ambao watoto wananasia ndege, ukaubandika kwenye mkono wangu. Ulitoka na vinyweleo vyangu vyote. Halafu ukachukua gundi ya kuzibia tairi za baiskeli. Nilivimba hadi kwenye kiwiko. Kila jaribio lilianzia kwenye mkono wa Rosalie. Ilipopatikana ile iliyonyooka, nta ya nyuki na utomvu wa miti vimeyeyushwa pamoja juu ya mbabula, jiko la makaa, na pilipili iliyolowekwa ndani ya pombe kali ya lutuku, na menthol kidogo uliyobakiza kutoka famasi, hiyo ilikwenda kwa Mama. Mimi nilipata vipele, Mama akapata dawa, wewe ukapata sifa.

Na kitambaa? Shuka langu la harusi. Ulilikata bila kuniuliza, ukasema pamba yake imefumwa vizuri, haivujishi. Nilipolalamika, Mama akasema niache, ni kazi ya dawa. Ningekata shuka lako mimi, nyumba nzima ingekosa usingizi.

Lakini haki yako nakupa: zilishika. Hazikung'oka kwa jasho, hazikuunguza ngozi. Baba Tshimanga, jirani yetu ambaye goti lilikuwa limemfungia nyumbani, alirudi misani kwa miguu yake. Wanawake wanaobeba magunia ya makaa walikuja kubandikwa mabega kabla ya kwenda sokoni. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ukikatika, wewe ulikuwa na mbabula yako, hukujali. Watu walitoka mpaka Panda wakiulizia nyumba ya Stéphanie. Ilikuwa nyumba ya Mama, na aliyekuwa anaifagia ni mimi.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni la asubuhi. Kila asubuhi ulikuwa unapasha kitambaa kwa kiganja, unakibandika mgongoni kwa Mama, unangoja, unamtazama usoni. Mama anashusha pumzi, anasema, "Inashika, mwana. Inapoa." Halafu anainuka, anakaa mlangoni, anakula bukari yake ya unga wa mahindi kama mtu mwenye afya. Mimi nimemwosha, nimefua nguo zake, hiyo bukari nimeisonga mimi. Neno lile hakuwahi kuniambia.

Ulipokufa nikasema: sasa ni zamu yangu. Usinitazame vibaya huko uliko. Nililia, nililia sana, majirani ni mashahidi. Lakini kilio kilipokwisha nilichukua sufuria yako, mbabula yako, na nta ileile kwa muuza asali yuleyule. Kulikuwa na kitu gani nisichokijua? Mkono huu ulipitia makosa yako yote. Nikabandika mgongo wa Mama, nikangoja neno langu.

Akasema inauma bado.

Nikaongeza pilipili, ngozi ikawa nyekundu, na inauma bado. Nikapunguza. Nikapasha kwa kiganja kama wewe. Hata wimbo wako wa kwaya niliuimba, mimi ambaye kanisani wananiomba nipunguze sauti. Mwaka mzima, Stéphanie. Watu wa Kikula wanasema sparadra za Rosalie ni sawasawa na zako. Baba Tshimanga anatembea, wabeba makaa wanarudi. Mama peke yake ndiye anayesema inauma bado. Akishasema anageukia ukuta, na bukari yangu inapoa kwenye sahani. Siku hizo nilikuchukia. Umelala kaburini, na bado unanishinda kwa mama yangu mwenyewe.

Juma lililopita nilikaa kitandani kwake kumuuliza niandike nini. Nikamwambia, shingo upande, nitaandika kwamba dawa yako ilimpunguzia maumivu. Mama akanishika mkono.

"Usiandike vile, Rosalie. Si ya kweli. Sparadra ya Stéphanie haikunipunguzia maumivu hata siku moja. Maumivu yangu iko ndani ya mufupa. Dawa yake ilikuwa inaishia pa ngozi."

Nikamuuliza mbona alikuwa anasema inashika, mbona alikuwa anakaa mlangoni, anakula. Akasema alikuwa anajikaza. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajafungua mdomo, wewe ulikuwa tayari unalengwalengwa na machozi. Angekwambia ukweli ungeitupa ile sufuria, na wenye magoti na wenye mabega wangekosa, maana wao iliwasaidia. Basi alikuwa anakaa pale mlangoni mpaka utoke kwenda Panda, halafu ananiita mimi nimrudishe kitandani. Nakumbuka nilivyokuwa namrudisha. Nilidhani amechoshwa na jua.

"Na mimi, Mama?" nikamuuliza. "Mbona mimi hukunidanganya?"

"Weye nakuambiaka kweli. Weye unaibebaka."

Mtu mwingine angefurahi. Mwaka mzima nilikuwa nashindana na kitu ambacho hakikuwapo. Mgongo wa Mama haukukutii wewe, haukunitii mimi. Sikufurahi, mdogo wangu. Wivu ulinipanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Alikaa juani mgongo unamwaka, akatafuna bukari asiyoitaka, akatabasamu, asubuhi kwa asubuhi, ili wewe usilie. Mimi hajanidanganya hata kwa tonge moja.

Nikamuuliza kama haya niyaandike au niyafiche.

"Andika," akasema. "Sasa anaweza kujua. Hatalia tena."

Kisha akageuka, akapandisha blauzi, akaniambia niweke nyingine. Nikamuuliza ya nini, kama haisaidii. Akasema niweke tu. Nikaipasha kwa kiganja, nikaibandika, nikaishikilia mpaka ikakaa. Safari hii sikungoja neno lolote. Alisema mwenyewe kwamba inauma bado, na kwamba nisiondoe mkono.

Wanaokukumbuka: mama yako Hélène, yaya wako Rosalie na mume wake Dominique, kaka yako Hervé na mke wake Marcelline, watoto wetu Tina na Éphraïm, wanaokuita bado Mama Mdogo, Baba Tshimanga, na wote wa Kikula na Panda uliowabandika wakapona.

Siku zote tutakukumbuka, Stéphanie, na siku zote nitakuonea wivu.

Likasi, Novemba 1995