Mistari Kumi na Mitano

2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kwamba vidonge vya presha unavimeza kila asubuhi na si siku unazokumbuka tu, na kwamba jirani yako fundi viatu bado anakuja kunywa chai bila kualikwa. Mimi sijambo. Kikohozi cha Januari kimekwisha.

Nina jambo, nalo nitalisema moja kwa moja kwa sababu ukizungushwa hukasirika. Nataka uje huku Agosti, tutalii pamoja kwa wiki mbili.

Usiikunje barua bado. Kiwanda chetu cha mikate hufungwa mara moja tu kwa mwaka, tarehe 3 hadi 17 Agosti, ili tanuri zipoe na mafundi waingie kuzisafisha. Hiyo ndiyo likizo yangu, nyingine sina. Kuja huko siwezi. Vibali vyangu vya ukaazi vimo ofisini vinafanywa upya, na nikitoka kabla sijavipata sitaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo wewe ndiye wa kusafiri.

Kuna ngome juu ya kilima. Naiona kila siku nikiwa kituo cha basi. Kuna jumba la makumbusho lenye ghorofa nzima ya saa za kale. Kuna treni inayopanda mlima taratibu hadi ziwani. Nimekaa hapa miaka minane na sijaingia hata mahali pamoja. Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Mama Chachu kwa sababu akianza kucheka huumuka, aliniuliza juzi: "Wewe, miaka minane! Unasubiri ngome ikufuate nyumbani?" Nikamwambia nasubiri mtu wa kwenda naye.

Mtu huyo ni wewe.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne ikiwa imelowa pembe moja. Mimi ni mzima, vidonge nameza, fundi viatu yupo, na sukari yangu inapungua kwa kasi ileile.

Nimeufikiria mwaliko wako kwa siku nne. Jibu langu ni hapana.

Agosti kwenu ni kilele cha joto. Nimetafuta takwimu: mwaka jana mji wenu ulifika nyuzi 39 kwa siku sita mfululizo. Mtu wa miaka sabini na mmoja mwenye presha hatoki katika baridi nzuri ya nyuzi 18 akaenda kujitia tanurini, kisha akaita jambo hilo mapumziko. Nasikia wenyeji wenyewe huukimbia mji mwezi huo. Wao wanatoka, mimi niingie?

Pili, kuna kipimamvua. Unajua kwamba tangu nikabidhiwe kituo cha hali ya hewa, miaka thelathini na mmoja iliyopita, nimekisoma kila siku saa tatu kamili asubuhi. Kituo kilipofungwa walibeba kila kitu wakaniachia kipimamvua peke yake, nami nimeendelea. Kila mwisho wa mwezi napeleka takwimu makao makuu, nao bado wanazipokea. Hata siku tuliyomzika mama yako, nilisoma saa tatu, tukazika saa saba. Katika madaftari yale hakuna siku iliyokosekana wala tarakimu ya kubuni. Kanuni inasema siku isiyosomwa iandikwe "haikusomwa", na sababu yake pembeni. Mimi sijawahi kuliandika neno hilo.

Nenda na huyo Mama Chachu. Nipigieni picha.

Baba yako


1 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Afya yangu njema. Ya mkono wa kulia si njema sana, nimeungua kwa trei, lakini ni kidogo.

Mama Chachu ana wajukuu saba, haendi popote. Na mimi sikukwambia utembee jua la mchana. Tutatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa bado na ubaridi, saa tano tuko ndani tumefunga mapazia, na jioni tunatoka tena kama watu wenye akili. Jumba la makumbusho lina kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Ziwani hupoa. Daktari wako muulize, usimjibie.

Kuhusu kipimamvua: si yupo fundi viatu? Mfundishe. Wiki mbili tu.

Nitasema na hili, kisha sitalirudia. Siku ya mahafali yangu ulimtuma mama peke yake, kwa kuwa basi la kuwahi liliondoka saa mbili. Nilielewa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilielewa. Sasa nina thelathini na sita, na naona kwamba kuelewa kunachosha.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkono uupake dawa, usiufunge kwa kitambaa cha kazini.

Nilimjaribu fundi viatu ili usiseme nina ubishi. Jumatatu nilimwita saa tatu. Alifika saa tatu na robo, msumari mdomoni. Nilimweleza kwamba jicho liwe sawa na uso wa maji. Yeye akasimama wima akachungulia kutoka juu, kama mtu aliyedondosha ndoo kisimani, akasema, "Mzee, hii ni kidole kimoja."

"Kidole cha nani?"

"Changu. Chako kimekonda."

Nikamwambia kwamba tunahesabu milimita. "Basi andika zozote," akasema. "Mvua yenyewe imeshaondoka. Itakushtaki wapi?"

Unaona mwenyewe. Andika zozote! Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyeandika zozote katika daftari langu, wala hataandika. Suala hili tulifunge.

Kuhusu mahafali sina la kujibu.

Kwa kutaka kujua tu: ngome hiyo ina ngazi ngapi?

Baba yako


30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naomba unisome ukiwa umekaa.

Ngazi ni mia mbili na kumi na nne. Nimeuliza mlangoni.

La pili ni zito. Unakumbuka Novemba ile uliyolala na homa siku tatu, mama akiwa amekwenda kumwuguza bibi? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulinikabidhi funguo za kituo ukaniambia, "Saa tatu kamili." Siku mbili za kwanza nilisoma vizuri. Siku ya tatu nilipitiwa na usingizi. Niliamka saa nne na nusu, nikakimbia, nikakitoa chombo kwa pupa kikaniponyoka. Maji yote yakamwagika kwenye nyasi kabla sijayapima.

Nikafungua daftari. Jana yake mvua ilikuwa milimita 6.1. Nikaandika 6.4.

Ulipopata nafuu ulilipitia daftari, ukaniwekea mkono kichwani, ukasema, "Umefanya kazi ya mtu mzima." Baba, kama ungenichapa ningesahau. Sentensi hiyo nimetembea nayo miaka ishirini na miwili.

Sikuambii haya ili uje. Ukitaka kubaki, baki. Nimekwambia kwa sababu umeandika mara mbili kwamba hakuna tarakimu ya kubuni, na mimi ndiye ninayejua kwamba ipo. Sikuweza kukuacha uendelee kuliandika hilo kwa mkono wako.

Nisamehe.

Mwanao


28 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki nne sijapata barua. Najua hupendi simu, lakini nimepiga mara tatu. Ya tatu alipokea fundi viatu, akasema u mzima, unakula, ila huongei, na kwamba umeyatoa madaftari yote umeyapanga barazani na humruhusu kuweka kikombe popote.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Ofisi ya viza inataka majibu kabla ya tarehe 20 Juni, lakini si hilo linalonihangaisha.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika. Sasa nitakueleza kwa mpangilio.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoomba. Kisha nikalitafuta daftari la mwaka ule. Mstari upo: tarehe 14 Novemba, 6.4, kwa mwandiko wako, nne ikiwa na mkia mrefu. Nimeupita mstari huo mara nyingi nikijumlisha, na kila mara niliupita kwa fahari. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa wiki tatu sikuweza kukuandikia neno ambalo nisingelijutia, na kwa hiyo sikuandika.

Wiki iliyopita nilipanda basi hadi makao makuu kutoa taarifa ya kosa. Karani wa takwimu ni mama wa makamo, ana miwani imefungwa kwa uzi. Alifungua jalada, akasikiliza yote hadi mwisho, kisha akauliza, "Mzee, huyo mtoto alikuwa na umri gani?"

"Kumi na minne."

"Alishawahi kufundishwa kazi hii?"

"Alikuwa ananitazama."

"Na wewe, mpimaji, ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Sikuweza kusimama."

Akavua miwani. "Basi kwa kanuni zetu siku zote tatu zilitakiwa ziandikwe 'haikusomwa'. Wewe ndiye uliyezijaza, ulipomtuma mtu asiye mpimaji. Yeye kakosea siku moja. Wewe umekosea tatu."

Kanuni hiyo niliwafundisha vijana kwa miaka mingi, na sikuwahi kujipimia mwenyewe. Sikutaka nafasi wazi katika daftari. Ili isiwepo, nilimpa mtoto funguo na kazi ya kituo kizima. Kisha nikamsifu, kwa sababu nafasi haikuwepo.

Nilipofika nyumbani nilichukua rula na wino mwekundu. Mistari mitatu nimeikata, nikaandika "haikusomwa" mara tatu, na sababu pembeni: mpimaji alikuwa mgonjwa. Nikaweka sahihi. Fundi viatu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. "Imekwisha?" akauliza. Nikamwambia imekwisha. Akaweka kikombe barazani.

Kwa hiyo, mwanangu, huna cha kusamehewa. Niliyeomba zaidi ya uwezo wako ni mimi, na siku ya mahafali pia ni mimi.

Sasa Agosti. Nimemwona daktari na sikumjibia. Anasema naweza kusafiri, kwa masharti: maji kila saa, kofia, vidonge nibebe mkononi na si kwenye sanduku, na siku yoyote ikipita nyuzi 36 nisitoke kabisa. Masharti hayo utayafuata wewe kuliko mimi, kwa maana nakufahamu: ukipelekwa kutazama kitu, hutaki kurudi. Ngazi mia mbili na kumi na nne nitazipanda kwa mapumziko kila baada ya thelathini. Jumba la saa liwe siku ya kwanza.

Fomu za viza nimejaza na nimezipeleka mwenyewe, kabla ya ile tarehe 20. Nitakisoma kipimamvua asubuhi ya tarehe 2 Agosti, kisha nitakifunika.

Baba yako


26 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na kwamba tanuri zimewashwa salama na Mama Chachu amekurudishia ile kofia yangu. Mwambie kwamba kichwa chake ni kikubwa kuliko changu na ataipanua.

Nilifika salama jioni ya tarehe 17. Presha ilipimwa jana: iko vizuri kuliko ilivyokuwa Mei. Daktari aliuliza nilichokula huko. Nikamwambia mikate.

Nimekumbuka mambo mawili ambayo sikuyasema uwanjani kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa natafuta pasi. La kwanza: ngazi za ngome ni mia mbili na kumi na moja. Nilizihesabu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Waambie wale wa mlangoni.

La pili linahusu siku ya nne, joto lilipofika nyuzi 38 tukashinda ndani, mapazia yamefungwa, tumekaa sakafuni tukila tikiti maji. Ulisikitika sana kwamba nimepoteza siku nzima ya kutalii. Sikuipoteza. Ulinisimulia miaka yako minane, mwaka baada ya mwaka, mpaka jua likazama, na mimi sikuwa nimeambiwa lolote katika hayo. Ziwa lilikuwa zuri. Saa za kale zilikuwa nzuri sana, ingawa nyingi zimekufa. Lakini mtu akiniuliza nilikwenda kutazama nini, nitamtajia siku ile.

Hapa nimekuta vituko. Fundi viatu, bila kuombwa na mtu, alikifunua kipimamvua siku niliyoondoka. Amenikabidhi kifuniko cha boksi la viatu kilichoandikwa kwa penseli, kinaanza hivi: "Kavu. Kavu. Nusu kidole. Kavu. Kidole na kitu." Alisimama mlangoni akisubiri nimsifu. Nilimwambia kwamba takwimu hizo hazikubaliki. "Najua," akasema. "Lakini nilikuja kila siku." Nikampa chai.

Kifuniko nimekihifadhi, ila hakikuingia daftarini. Kuanzia tarehe 3 hadi 17 mistari ni kumi na mitano, yote ikiwa na neno moja, "haikusomwa". Niliogopa kwamba kuitazama kutaniuma. Nimeitazama mara kadhaa tangu nirudi. Na pembeni nimeandika sababu, kama kanuni inavyotaka: mpimaji alikuwa kwa binti yake.

Karani mwenye miwani ya uzi ameshaipokea nakala. Hakuuliza kitu.

Baba yako