Muzee Karanga Hajarudi Nyumbani

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Maharage yamechaguliwa. Makala ya kupikia ni mabichi, moshi umenijaa macho. Neema, mujukuu wangu, ametoka kwenda masomo bila chai. Nimemugombeza mpaka barabarani, kiisha nimemukimbilia na mukate. Magoti yanauma.

Saa nne alifika binti mumoja wa radio, Espérance. Viatu vyote matope. Mutaa wetu wa Cimpunda hauna huruma kwa viatu. Anasema wanataka kuturudisha sisi wazee wa muchezo wa zamani wa radio, Kwa Muzee Karanga. Kipindi kimoja tu, cha mwisho. Watu wacheke. Muji umesahau kucheka.

Nimemuambia Muzee Karanga mwenyewe amekufa. Papa Déo, tulimuzika mbele ya Pasaka.

"Ndiyo maana, Maman."

Nimekubali. Sijui sababu. Sikusikia furaha, sikusikia uchungu. Nimerudi kwa maharage.

Jumatano, tarehe 6

Niandike vizuri, nisisahau. Miaka nane nilikuwa bibi ya Papa Déo ndani ya radio. Kwa kweli yeye alikuwa na bibi yake, Maman Georgette, na mimi nilikuwa na bwana wangu. Kila Jumapili tuligombana mbele ya mikro, muji wote unasikiliza. Karatasi hatukuwa nayo. Mimi sikujua kusoma, herufi nilizipata uzeeni kwa masista. Papa Déo alituambia tu kwa mulango: leo nakuja nimelewa, wewe umeficha viatu vyangu. Basi. Mengine yalitoka kinywani. Mimi nilikoroga sufuria tupu na mwiko, watu wasikie jikoni.

Kipindi cha mwisho alitukana maharage yangu. Akasema anaenda kutafuta bibi mwenye kujua chumvi. Akapiga mulango, akatoka. Juma lile radio ikafungwa, vyombo vikaibiwa. Kimya.

Tangu pale watu wananiuliza sokoni: "Maman Karanga, muzee alirudi?" Najibu: "Bado anatafuta chumvi." Wanacheka. Papa Déo alipokufa, wamama wa hapa walikuja kwangu na unga na kuni, wakakaa chini, wakanililia mimi. Sikuwafukuza. Nilibeba unga wote mpaka kwa Maman Georgette. Nikamuambia unga ulipotea njia.

Alhamisi, tarehe 7

Neema anaangalia michezo ya mufululizo kwa telefone. Ile anayopenda imeisha. Amekasirika kama mutu aliyeibiwa.

"Koko, ya bure kabisa! Bote bamekutana, bamekula, bamekumbatiana, kwisha!"

"Ulitaka nini, bafe?"

"Nilitaka kujua."

Kujua nini, hakusema. Yeye iko na miaka kumi na sita, hasemi mara mbili. Nimelifikiri neno hilo mpaka mboga ya sombe imeungua.

Jumamosi, tarehe 9

Studio iko mutaa wa Muhumba. Tumebaki wawili. Mimi na Tonton Mulume, jirani wa ndani ya muchezo, yule wa kuja kila mara kuomba kaa la moto. Meno yamekwisha. Anakohoa.

"Maman Karanga, umezeeka vibaya."

"Na wewe umezeeka vizuri? Unafanana na muhogo wa juzi."

Espérance alicheka mpaka akashika meza. Anasema utotoni alitusikiliza akiwa mugongoni kwa mama yake. Ni mutoto muzuri. Amekonda. Nimemuambia ale.

Kiisha akasoma karatasi. Mwisho wake ni huu. Muzee Karanga alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Ametuma salamu. Siku moja atarudi. Mimi nacheka, nafunika sufuria, muziki.

"Batu babaki na tumaini, Maman."

Tonton Mulume aliangalia chini. Yeye anajua.

Nimesema nitafikiri. Pikipiki nimeikataa, nimepanda na miguu mpaka nyumbani.

Jumanne, tarehe 12

Siku mbili sikuandika. Sasa niandike.

Bwana wangu, Papa Bahati, alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Neema alikuwa hajazaliwa. Alituma salamu mara mbili, na watu waliotoka kule. Kiisha hakuna. Mumoja alisema shimo liliwaangukia. Mwingine alisema alimuona mujini Kindu, amenenepa. Hakuna maiti, hakuna matanga, hakuna bwana.

Watu wanasema tumaini. Mimi nalijua hilo tumaini. Linakalia kiti chako, linakula chakula chako, hata sahani halikusaidii kuosha.

Sitalia. Machozi sina.

Lakini Muzee Karanga simutumi kule. Watu wamemungojea miaka. Waambiwe.

Jumatano, tarehe 13

Kabla ya kuua bwana wa mutu mara ya pili, unaomba ruhusa. Nimekwenda kwa Maman Georgette. Alikuwa anapepeta muchele.

"Umeleta unga mwingine?" Tukacheka kidogo.

Nimemueleza yote. Amepepeta mpaka ungo ukaisha.

"Mimi nilimuzika wangu. Wewe muzike wako wa radio. Ukimutuma Shabunda, nitakuja kukupiga palepale kwa mikro."

Kutoka pale nimekwenda Muhumba. Espérance amekataa. Anasema ni muchezo wa kuchekesha, mutu hafi ndani yake. Wakubwa wake wanataka kicheko. Nimemuambia kwa kilio watu wanacheka kuliko kwa arusi, hajaona? Amesema ni mwisho wa karatasi ama hakuna kipindi.

Basi hakuna. Nimechukua kitenge changu nikatoka.

Mangaribi amepiga telefone. Sauti ndogo. Njoo Ijumaa, Maman, wakubwa wanataka wasikie kwanza.

Ijumaa, tarehe 15

Karatasi imebaki kwa meza. Kwa mulango nimemuambia Tonton Mulume: leo unaleta habari. Basi.

Nimeshika mwiko. Akapiga hodi.

"Kama ni moto, hakuna! Hata mimi nimekopa."

Kikohozi. "Maman Karanga, weka mwiko chini."

"Siweki. Sema."

"Muzee amekufa."

Nimekoroga. Sufuria tupu, kelele tu. Sijui muda gani. Kiisha kinywa kimesema chenyewe: "Na haya maharage, nani atayatukana sasa?"

Nyuma ya kioo Espérance alicheka, kiisha akafunika uso.

Tumeendelea. Tonton akauliza kama kwa matanga kutakuwa kasiksi.

"Muzee hajapoa, wewe unauliza pombe?"

"Namuulizia yeye! Alikuwa mutu wa kiu."

Watu wa mashine walijiziba vinywa kwa mikono. Mwishoni nimesema polepole, kwa wote wanaosikiliza: Muzee Karanga amekufa. Harudi. Muache kumuangalia njiani. Kesho tunakaa chini, kila mutu alete sahani yake.

Nikaweka mwiko.

Wakubwa wamekubali. Espérance amenishika shingo, machozi yake yameingia mu kitenge changu. Mimi sikulia. Nilisikia njaa. Nikamulazimisha tule wote.

Jumapili, tarehe 17

Kipindi kimepita. Cimpunda yote radio ziliwashwa, mulango kwa mulango, nikajisikia natembea kwa nyumba za watu. Walicheka pale pa kiu. Pa mwisho hakuna mutu alisema kitu, hata watoto.

Neema alikaa karibu yangu. Telefone hakuigusa.

"Iko muzuri?"

"Inauma, Koko."

"Sikukuuliza kama inauma."

"Iko muzuri."

Maman mwenye kuuza samaki wadogo wa sambaza alipita na beseni lake. Hakuuliza kama muzee alirudi. Alinishika mukono, akasema "Pole", akaendelea na njia yake. Hata sasa ndani yangu hakuna kitu kilichotingishika. Lakini nimelala muchana, kitu sifanyi, mpaka Neema akaja kuangalia kama napumua.

Jumatatu, tarehe 18

Mvua ndogo. Nimekwenda parokia asubuhi kuandikisha nia ya misa. Sekretere ana daftari kubwa. Kurasa za mbele ni za wagonjwa na wasafiri, kurasa za nyuma ni za marehemu. Miaka yote jina la Papa Bahati nimeliandikisha kwa wasafiri. Sekretere amelijua, ameanza kuliandika kabla sijafungua kinywa.

Nimemuambia: hapana, kurasa za nyuma.

Ameniangalia. "Pole, Maman. Alikufa lini?"

"Andika jina tu."

Ameandika. Nimesimama pale mpaka wino umekauka.