Boya la Pili

Jumamosi jioni, Ruiru

Leo saa tisa nimepoteza nafasi ya kwanza kule bwawani, kwenye mashindano ya mashua za tanga ya klabu yetu, kwa sekunde kumi na tisa, na aliyeichukua ni Brayo.

Mashua yake iligusa boya la pili. Sheria ya klabu ni wazi: ukigusa boya, unazungusha mashua duara moja ndipo uendelee. Hakuzungusha. Duara hilo lingemgharimu sekunde ishirini na tano, hata yeye. Nikapaza sauti papo hapo, "Napinga!" na nikaandika malalamiko kabla ya saa moja kuisha.

Katibu wetu, Mama Shiru, akanirudishia karatasi bila kuisoma. "Hukuinua bendera nyekundu, Baba Nimo."

"Kisheria, bendera ya kupinga ni ya mashua za mita sita kwenda juu. Yangu ni nne na nusu."

"Ai, wacha wivu, bwana! Kubali umeshindwa."

Wanachama wote wakacheka. Brayo akanipigia saluti.

Ni kweli nina wivu. Mashua yake alinunuliwa na babake. Yangu niliijenga kwa plaiwudi nyuma ya duka langu Mwihoko, miezi kumi na minne. Yeye akifika wanakimbia kumsaidia kuishusha majini. Mimi wananipungia mkono tu. Lakini wivu wangu haukugusa lile boya.

Naogopa wataniona msumbufu, labda hata wanitoe. Lakini ujumbe nimeshatuma:

"Mama Shiru, mashua ya mita nne na nusu inahitaji bendera, ndiyo au hapana? Nijibu kesho kabla ya saa sita mchana."