Karavati Lako Limeziba, Luvanda

Kaka Luvanda, kamwene.

Sikuulizi hali. Hata ulipokuwa hai nikikuuliza ulitikisa kichwa tu, mbahili wa maneno wewe, kumshinda mwenye duka wa Makambako na sukari yake. Utazame mwandiko huu. Niliishia darasa la tatu, lakini karani wetu wa barabara haandiki hivi, na mwenyewe anajua.

Barabara imekatika, kaka. Pale kwenye mteremko wa miti ya miwati, kwenye karavati lako, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mvua ya kwanza tu tangu tukuzike. Matawi yaliziba bomba, maji yakapanda juu yakala udongo, na lori la Njombe likalala ubavu kama ng'ombe anayezaa.

Wenzetu wa kazi ya barabara walidhani kila mvua ikianza unakwenda kutazama mitego yako ya fuko. Mimi peke yangu nilijua, maana nilikufuata nikuibie fuko, nikakuona unaingia bombani kwa tumbo na lile jembe la mpini mfupi. Ukatoka na tope mpaka masikioni, ukasema, "Yamepita." Basi. Nikakuita panya wa Serikali, ukacheka, ukakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichokuchukua. Nilipokuuliza mbona huwaambii wenzetu, ulinijibu, "Barabara inaonekana."

Haikuonekana, kaka. Isipokatika, nani ataitazama?

Aliyeonekana ni nyapara Kilasi. Siku ya kufukia lile shimo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, jiwe hata moja hakushika. Bwana Mkubwa alipofika kutoka Njombe alimkuta juu ya kifusi amejitunisha kama jogoo. Akamvika koti zito la vifungo vya shaba mbele yetu sote, eti huyu ndiye mlinzi wa barabara.

Nikasema. Nilisimama mbele ya watu nikasema mlinzi alikuwa Luvanda, kila mvua, kwa tumbo. Wakacheka. "Yohana huyo. Juzi chui, leo Luvanda." Maana niliwahi kuwaambia nimemfukuza chui kwa kofia. Ungesema wewe, wangeamini. Ila wewe husemi, na mimi nasema kila siku.

Nikaenda kwa mama yako, angalau yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kiazi mkononi. "Acha, mwanangu. Angefanya hayo, angeniambia mimi mama yake."

Nilikula kiazi, kaka, nikaondoka na jembe lako.

Koti Kilasi analivaa hata jua likiwaka. Bomba jipya limewekwa, na miwati bado inadondosha matawi. Jembe lako ninalo. Mvua ikianza nitaingia, wala sitamwambia mtu, maana nikisema itakuwa chui mwingine. Nikitoka nitapita kaburini kwako na tope langu, nikuambie lile neno lako moja la bombani, kisha nikuache upumzike.

Lala, kaka.

Wako mwenye mdomo,
Yohana