Supu ya Baba Iko Kwa Friji

Mutheu na Antony,

Chakula ni muthokoi, iko kwa sufuria kubwa. Kuku hawajakula. Nimekuja kuchukua blanketi tu, narudi hospitali.

Baba yenu hakupimwa utumbo leo vile ilipangwa. Jana alikunywa ile dawa ya kuharisha, ya kusafisha tumbo, yote, mkamsikia akitania kwamba tumwekee kitanda kule choo. Karatasi ya daktari ilisema anywe pia supu ya mfupa yenye chumvi. Mimi nikakataa, nikaiweka kwa friji. Nilisema kufunga ni kufunga, kama tunavyofunga kanisani, maji peke yake. Kila akisikia kiu namjazia jagi. Alimaliza majagi saba.

Antony, ulinisomea hiyo karatasi mara mbili, nikakuambia unajifanya daktari. Ulikuwa sawa.

Leo asubuhi mlipotoka tu, aliniita Syokau, jina la dada yake aliyekufa. Halafu akaanguka hapo kando ya kiti, akatetemeka mwili mzima. Nesi anasema maji mengi yamemaliza chumvi kwa damu, na ubongo umefura. Anasema ni kitu hawaoni sana. Sisi tumekiona.

Mutheu, mpigie amu yenu kule Kathiani aje leo, asingoje kesho. Daktari ndiye amesema ndugu zake waitwe. Habari ya supu usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

~~Supu iko kwa friji, msiguse, ni ya baba yenu akirudi.~~

Supu pasheni moto mkule.

Mama yenu