Zamu ya Muli

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefunga saluni mapema tena. Wateja wawili wamenuna. Wakasukwe kwingine.

Nikaenda Kalama kumkata kucha Mzee Nzioka. Jumamosi kanisa letu linawapeleka wanajeshi wastaafu Nairobi, kwenye ukuta wenye majina ya wenzao waliokufa, na kila mzee amepewa mtu wa kumsindikiza. Nilijitolea mwenyewe, kiherehere changu. Wenzangu wamepata wazee wa kupiga soga. Mimi nimepata koplo ambaye akili yake ilibaki vitani kaskazini, miaka ya sitini.

Ukimvisha viatu tu, anasimama wima na kuita majina ya kikosi chake. Kilonzo. Wambua. Muli. Kwa Muli hasongi mbele. Analirudia jina hilo mpaka sauti inakauka. Hali, haketi.

Jumanne, 5 Novemba
Leo ameita Muli mpaka Mwende, mke wa mwanawe, akatoka nje kulia. Uji ulikuwa umeshapoa. Nikachoka. Nikasimama nyuma ya mzee nikasema, "Niko, afande!"

Akanyamaza. Akageuka. Hakunitazama uso, alinitazama mguu wa kushoto. Kisha akakaa, akanywa uji wote.

Mwende alinishukuru hadi nikaona haya. Nilijisifu njia nzima.

Jumatano, 6 Novemba
Sijisifu tena.

Sasa mimi ndimi Muli, viatu au bila viatu. Leo amenisimulia kwa Kikamba, sauti ya chini. Muli alipigwa risasi mguu wa kushoto. Kisima walichokitegemea kilikuwa kikavu. Nzioka akamwegemeza kwenye mawe ya kisima, akamwambia abaki hapo, atarudi na maji. Akaenda. Alipofika kwenye lori la kikosi akakuta amri ya kuondoka. Akapanda. Mwili haujapatikana mpaka leo.

Halafu akaniuliza, "Muli, ulikunywa nini?"

Nikachukua kikombe chake cha bati nikaenda kukiosha.

Alhamisi, 7 Novemba
Sikulala vizuri. Mdomo mkavu kama nimelamba majivu. Nimekunywa maji, nikanywa tena, kiu iko palepale. Na mguu wa kushoto unauma. Ni kusimama saluni kutwa. Najua.

Naogopa.

Nilimwambia Mwende nataka kujitoa. Akasema, "Mama Kioko, ukienda ataanza kuita tena. Wewe unarudi kwako. Mimi niko na yeye siku zote."

Hakukosea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeamua: tukifika ukutani nitamwambia nimemsamehe, aachane na kisima. Lakini msamaha wenyewe si wangu. Ni sawa na kugawa shamba la jirani.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimepiga pasi koti lake. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha saluni. "Nimekusamehe, koplo." Nikaonekana mjinga. Nikafunika kioo kwa taulo.

Jumamosi, 9 Novemba
Tumerudi. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mvua ilitunyeshea mpaka Athi River. Wazee wengine waliimba ndani ya basi la kanisa, wakachekana vipara. Wangu alikuwa amenishika kiganja. Mkono wake baridi.

Ukuta ni mrefu kuliko nilivyofikiria. Jina la Muli lipo, chini karibu na majani. Niliinama nikapeleka kidole chake juu ya herufi. Akakivuta haraka. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, na nikajua ameona kwamba Muli ni wawili, wa ukutani na mimi.

Akasimama wima bila kushikwa. Akaita. Kilonzo. Wambua. Muli.

"Niko, afande."

Akasubiri. Maneno nilikuwa nayo. Ulimi ukakataa. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa sababu ya uji. Huu wa pili ulikuwa wa kumsemea mtu aliyekufa kwa kiu, sikuuweza. Nilisimama tu kama mti, machozi yananitoka.

Ndipo akasema kwa sauti ya paredi, watu wote wakageuka: "Wengine, tawanyika! Muli, baki hapo. Nitarudi na maji."

Akanipigia saluti. Akaenda zake kwenye basi, akalala mpaka Machakos. Wasindikizaji wengine wanasema ilipendeza sana. Mmoja alipiga picha. Nimemchukia.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya ibada nilipita Kalama. Nikamvisha viatu. Hakuita mtu.

Mwende anafurahi. Mimi, hapana. Nimeachwa kisimani.

Alhamisi, 14 Novemba
Mwende amepiga simu asubuhi. Mzee amekufa usingizini.

Nikalia. Halafu nikakasirika, nikatupa kitana ukutani mbele ya mteja. Mzee alisema atarudi na maji.

Jumamosi, 23 Novemba
Tumemzika. Pasta alihubiri kwa ufupi, ajabu. Maharagwe ya Mwende yameota vizuri kando ya kaburi, na waombolezaji wameyakanyaga.

Watu wakatawanyika kwenda kula. Mimi nikabaki. Walidhani ni uchungu, na uchungu ulikuwepo. Lakini nilibaki kwa sababu niliambiwa nibaki. Mguu haukutaka kuinuka.

Mwende akaja na kikombe cha bati, kile cha uji wa mzee.

"Ile jioni ya mwisho alinituma," akasema. "'Mpelekee Muli maji.' Nikamwambia Muli ameenda kwake, nitampatia akikuja. Akakubali. Akalala." Akaninyooshea kikombe. "Haya, mama. Kunywa."

Yalikuwa maji ya tangi, yenye ladha ya mabati. Nikanywa yote. Nikamrudishia Mwende kikombe, tukaondoka pale pamoja.